Ushauri wa uraia Edmonton: lipieni saa moja, pakeji iacheni

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama ningepima ile saa tuliyokaa na mshauri wa uraia peke yake, ningempa tano zote na bado ningemdai Mungu amzidishie. Nyota moja na nusu imeliwa na karatasi waliyotupatia pale mapokezini, na pakeji waliyojaribu kutuuzia tukiwa tumeshasimama kuondoka. Jina la ofisi silitaji. Zipo nyingi za namna hiyo kandokando ya barabara ya 118 Avenue hapa Edmonton, Kanada, na ninayoyasema hapa yatakufaa uingie mlango wowote.

Mjue kwanza sisi ni nani, maana ushauri wa uraia bila kujua mtu katoka wapi hauna maana. Mimi ni wa Tanga, Mtanzania, pasipoti yangu moja tu tangu nimezaliwa. Mume wangu, Baba Nuru, ni mtu wa Likoni, Mkenya. Alikuja Kanada kusoma, akapata kibali cha kazi, halafu akaingia kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, na mimi nikiwa mkewe kwenye faili lake. Nuru kazaliwa hapa hapa Edmonton. Kwa hiyo wakubwa wawili tuna ukaazi wa kudumu, PR kama tunavyoiita sote, na mtoto ni raia. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Kadi zetu za PR zilikuwa zinakaribia mwisho wake, na humo ndani kukaanza maneno: tuombe kadi mpya, au tuombe uraia tumalize?

Kila mtu alikuwa na jibu. Kaka yangu aliyeko Houston alipiga simu kabisa: msiguse uraia, mtalipa kodi mpaka kaburini. Shoga yangu wa kazini, Mbongo mwenzangu, yeye anasema chukua, pasipoti ya Bongo iweke kabatini, kaa kimya, nani atakufuata? Mama mkwe alichojali ni kimoja, mwanawe asije akamuapia mfalme wa watu, yule anayetajwa kwenye kiapo cha uraia wa Kanada. Tukaona heri tumlipe mtu ambaye hii ndiyo kazi yake.

Kabla ya kulipa nilimtafuta kwenye daftari la College of Immigration and Citizenship Consultants, chombo kinachowapa leseni washauri wa uhamiaji; lipo wazi mtandaoni, unaandika jina au namba ya leseni unaona kama mtu yuko hai kwenye orodha au amesimamishwa. Fanyeni hivyo, jamani, ni dakika mbili. Kanada hii anayeruhusiwa kukutoza pesa kwa ushauri wa uhamiaji na uraia ni wakili au msaidizi wa kisheria aliye kwenye chama cha mawakili cha jimbo, au mthibitishaji (notary) wa Quebec, au mshauri mwenye leseni ya chombo hicho. Yule mjomba anayejaza watu fomu kwa bahasha baada ya swala ya Ijumaa hayumo, hata kama ana roho nzuri. Faili likiharibika, wewe ndiye uliyesaini.

Bei: dola 150 za Kanada kwa saa moja, ukiongeza GST, kodi ya mauzo, ya asilimia 5 inafika 157.50. Mke na mume mnaingia pamoja kwa bei hiyo hiyo. Tulisubiri mapokezini karibu nusu saa kupita miadi, na mimi nimetoka zamu sijalala, kwa hiyo nilikuwa nimeshaanza kununa. Kilichonituliza ni yule binti wa mapokezi, Msomali aliyekulia Eastleigh, Kiswahili chake kimejaa Nairobi lakini kinaelea. "Mama, chai utakunywa? Iko na tangawizi." Nikanywa.

Mshauri mwenyewe ni bwana wa makamo, mzaliwa wa Ufilipino, mwenyewe aliwahi kupita njia hii hii. Hakuanza na hotuba. Alitaka pasipoti zetu zote za miaka mitano, za zamani na mpya, akaanza kufunua mihuri ukurasa kwa ukurasa na kuandika tarehe. Hapo ndipo nikajua pesa haijaenda bure.

Hesabu yenyewe wengi mnaijua kwa juu juu. Uraia wa Kanada unataka uwe umekaa ndani ya nchi siku 1,095 katika miaka mitano kabla ya kusaini ombi. Siku ulizokaa kwa kibali cha kusoma au cha kazi kabla ya PR zinahesabiwa nusu nusu, na zikijumlishwa hazivuki 365. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazikatwi, umeonekana nchini siku hiyo. Lakini kuijua kanuni ni jambo moja, kukaa na mtu akakuonyesha safari yako ya msiba wa Tanga imekula wapi ni jambo jingine. Baba Nuru alikuwa amevuka, tena kwa nafasi. Mimi, kwa sababu ya miezi niliyokaa nyumbani kwa safari za mara kwa mara baba alipougua mpaka akafariki, nilikuwa bado kidogo. Akasema pia kitu ambacho hata Idara ya Uhamiaji ya Kanada yenyewe inashauri: usitume ombi siku ileile unayofikisha 1,095. Acha akiba, maana ukikosea tarehe moja ombi lote linaweza kurudi.

Kodi tulikuwa nayo safi, wanataka uwe umejaza mapato kwa miaka mitatu ndani ya hiyo mitano kama ulitakiwa kujaza. Cheti cha polisi kinaombwa kama ulikaa nchi nyingine siku 183 au zaidi mfululizo ndani ya miaka minne iliyopita. Mimi nilishtuka hapo, nikahesabu safari za Tanga moja moja kwenye vidole, hakuna iliyofika.

Mahali alipotuokolea pesa halisi ni kwenye lugha. Mume wangu alikuwa ameshaangalia tarehe za mtihani wa Kiingereza wa CELPIP, karibu dola 200, na amejitayarisha kulipa. Bwana akamuuliza kuhusu mtihani mwingine wa Kiingereza, "Ulipoomba PR ulifanya IELTS?" Alifanya. "Matokeo unayo?" Anayo, ila yameshapita muda. Akacheka: kwa uraia wanayapokea hata yakiwa yamepita muda, kwa sharti kuongea na kusikiliza kumefika kiwango cha 4 cha kipimo cha lugha cha Kanada. Mimi ambaye sikufanya IELTS, alinielekeza kwenye vyeti vyangu, kwa sababu wanakubali pia ushahidi kwamba umesoma na kumaliza sekondari au chuo kwa Kiingereza, iwe Kanada au nje. Sekondari za Tanzania zinafundisha kwa Kiingereza, wote tunajua, ila karatasi lazima iseme hivyo, si wewe useme. Basi pale pale ile ada ya saa moja ikawa imejilipa na chenji ikabaki.

Kaka wa Houston naye alijibiwa, bila kujua. Habari yake ya kodi ni ya Marekani: kule raia anadaiwa taarifa ya kodi popote alipo duniani. Kanada inatoza kwa makazi. Mtu akiwa raia au PR, kama anaishi hapa analipa, na akihama kweli kweli na kukata mafungamano yake, uraia peke yake haumfuati na bili. Kaka anatupenda, ila anatuogopesha na sheria za watu wengine.

Sasa karatasi. Tulipokuwa mapokezini tulipewa kikaratasi cha rangi, kizuri, kimepangwa kwa bendera, kinachoonyesha nchi zinazoruhusu uraia pacha. Kanada: ndiyo. Hiyo kweli, tangu Februari 1977. Kenya: ndiyo. Uganda: ndiyo. Tanzania: ndiyo.

Nilisoma mara mbili nikidhani usingizi. Kwa mtu mzima, Tanzania hairuhusu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 iko wazi: ukishatimiza miaka 18 na ukachukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, ule wa Tanzania unakoma. Hakuna kuulizwa. Na hapa pana watu wa Kigoma, wa Mbeya, wa Unguja, wanaingia ofisi ile wakiwa na haraka, wanachukua kikaratasi, wanaweka mkobani, wanaenda kuapa wakiamini wamebaki na zote mbili. Ndugu zetu wa Kongo nao waliandikiwa "ndiyo", na Katiba yao ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Kikaratasi kile ni hatari kuliko mjomba wa bahasha, kwa sababu mjomba angalau watu hawamwamini sana.

Nilimwekea mshauri mezani. Kwa haki yake, hakubisha. Alikiri mbele yetu kwamba yeye anaijua sheria ya Kanada, ya Tanzania haijui, na leseni yake haimpi ruhusa ya kushauri juu ya sheria ya nchi nyingine; akaandika pembeni "Tanzania, hakikisha", akamwita yule binti na kumwambia vikaratasi vitolewe mezani. Wiki iliyofuata nilipopita pale kuchukua pasipoti niliyoisahau, havikuwepo. Nimekata nyota kwa sababu viliwahi kuwepo, na sijui vilikwenda mikononi mwa wangapi.

Upande wa Kenya ndio mwepesi, na wivu niliuonea hapo hapo. Katiba ya 2010 imesema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Hata wale walioupoteza zamani chini ya Katiba ya awali wameachiwa mlango wa kuurudisha kwa maombi. Lakini kuna kisichozungumzwa vijiweni: sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inakutaka ujitangaze, uiambie serikali una uraia wa pili, ndani ya miezi mitatu tangu uupate. Usipotangaza ni kosa, na adhabu yake imeandikwa, faini mpaka shilingi milioni 5 au kifungo mpaka miaka mitatu. Hili mshauri hakulijua, tulilipata sisi wenyewe baadaye, na ndilo Baba Nuru kaliandika kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Kuna na kingine, mwenye uraia wa nchi mbili hashiki ofisi ya dola. Nilimwambia mume wangu basi ile ndoto ya kuwa MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, wa Likoni imekufa. Akasema haikuwahi kuwa ndoto yake, ilikuwa ya mama.

Upande wangu mimi ulihitaji mtu mwingine kabisa. Nilimpata wakili Tanga, rafiki wa marehemu baba, nikamtumia pesa yake kwa simu, tukaongea siku mbili usiku wa huku. Nilitaka kujua jambo moja: siku nikiapa hapa, vile vyangu vya kule vinakuwaje? Nina kiwanja Pongwe kwa jina langu. Nina fungu kwenye shamba la michungwa la baba kule Muheza, ambalo mirathi yake haijafungwa kwa sababu tuko wengi na kila mmoja yuko mji wake.

Sheria ya Ardhi ya 1999, wakili akanisomea, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wa uwekezaji. Mimi wa Pongwe nitakuwa mwekezaji? Wa matofali mia mbili yaliyoota nyasi? Tukacheka, lakini sauti yake haikuwa ya kucheka. Akaniambia habari nzuri na yenyewe ina mipaka: mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyogusa Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, yakaweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Ndilo jibu la Serikali kwa miaka yote ile ya diaspora kuomba uraia pacha. Hadhi hiyo inafungua mlango wa kuingia na kukaa, na kwenye ardhi inalegeza. Siyo uraia. Hupigi kura, hugombei, na pasipoti ya Tanzania huna. Ushauri wake ulikuwa wa mtu mzima: mwanangu, fungeni mirathi ukiwa bado raia. Msimamizi ateuliwe, mgawanyo ufanyike mahakamani, kila jina likae panapostahili, ndipo uende ukaapie unayemtaka. Kitu kilichokamilika huwa na mabishano machache kuliko kilichoachwa njiani na mtu aliyebadilisha nchi.

Na kuhusu yale ya shoga yangu, pasipoti kabatini na mdomo umefungwa, wakili hakunyanyua hata sauti. Uraia ukishakoma umekoma, kuitumia pasipoti ile baada ya hapo ni kutumia hati isiyo yako. Mimi nina mama wa miaka sabini na kitu. Siku akiniita sitaki niwe nasimama mbele ya afisa wa uwanja wa Dar es Salaam nikijieleza. Heri viza ya dola 50 za Marekani kwa jina la ukweli.

Wenye watoto, hapa msome polepole. Nuru ana nchi tatu. Kanada kwa kuzaliwa juu ya ardhi yake. Kenya kwa baba, kwa sababu Katiba yao inamhesabu mtoto kuwa raia wa kuzaliwa kama baba au mama ni Mkenya, hata azaliwe wapi. Tanzania kwa mimi, kwa kurithi, na huu ndio wenye saa: mtoto anavumiliwa kuwa na zaidi ya mmoja, akifika miaka 18 anatakiwa achague. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja, mdogo kuliko wote ndiye mwenye pasipoti nyingi kuliko wote, na mama yake anapima kama aibadilishe ile moja aliyonayo. Kuna mtu alinidokeza nijiandikishe Ukenya kwa ndoa, maana baada ya miaka saba ya ndoa Katiba ya Kenya inaruhusu kuomba. Asante, lakini huo nao kwa Tanzania ni uraia wa nje, nitakuwa nimetoka kwa mlango mwingine tu.

Nimechelewa kufika kwenye kile kilichonifanya niandike haya yote. Ni dakika kumi za mwisho za ile saa.

Baada ya kuona kikaratasi kimetuvuruga, mshauri aliweka kalamu chini akaniuliza: "Kwa nini unataka uraia? Wewe, siyo mume wako." Nikamwambia naogopa kupoteza PR. Mama anazeeka, mimi ndiye binti pekee, siku moja itabidi niende nikakae naye, na siyo wiki tatu. Akachukua karatasi tupu. PR inataka siku 730 ndani ya nchi katika kila miaka mitano. Miaka mitano ina siku 1,825 na ushee. Toa 730. Zinabaki 1,095, namba ile ile. Siku ambazo uraia unakutaka uwe ndani, PR inakuachia uwe nje. Miaka mitatu kati ya mitano unaweza kuwa kwa mama yako na ukarudi ukiwa mkaazi halali.

Halafu akaongeza ambalo hakuna mtu yeyote kijiweni amewahi kunitajia. PR anayeishi nje ya Kanada pamoja na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada, siku hizo zinahesabiwa kama yuko ndani, kwa ajili ya kulinda PR. Maana yake Baba Nuru akichukua uraia, jambo ambalo Kenya haimpotezei chochote, mimi nikaja nikakaa naye Tanga au Likoni, PR yangu haiyeyuki. Alitoa tahadhari: tuweke ushahidi kwamba tunaishi pamoja kweli, mikataba ya nyumba, tiketi, akaunti, kwa sababu afisa anaweza kuuliza nani kamfuata nani. Tena siku hizo hazihesabiwi kwenye zile 1,095 za uraia. Zinalinda tu nilichonacho.

Tulitoka tumepata mpango ambao hatukuingia nao. Mume wangu anaomba sasa. Mimi naomba kadi mpya ya PR, dola 50, natulia. Mirathi ya Muheza inafungwa. Hiyo hadhi maalumu tunaiangalia inavyotekelezwa, watu waliotangulia watasimulia. Nikifika siku ya kutaka kuapa, nitaapa nikijua ninaacha nini, kwa sababu kinachokata uraia wangu ni siku ya kiapo; kutuma fomu hakuukati, wala mtihani. Mpaka pale naweza kurudi nyuma. Hili la mume kuwa na hali moja na mke nyingine, mama mkwe bado halimwingii, anaona kama tunajigawa. Baba Nuru kamwambia: "Mama, wa kuapa ni mimi, na mfalme mwenyewe hatanijua."

Kuna msichonacho na PR, nisiwadanganye. Hupigi kura, baadhi ya kazi zinazotaka kibali cha juu cha usalama wa serikali zinakupita, na ukipatikana na kosa kubwa la jinai unaweza kufukuzwa nchini, ambapo raia hafukuzwi. Kadi ikipita muda hujapoteza hali yako, lakini ukiwa nje ndege haikupandishi bila kadi hai au hati ya safari ya mkaazi. Kwa mkimbizi asiye na pa kurudi, au kwa mtu ambaye nchi yake inaruhusu, mimi naona hakuna la kusubiri. Hesabu yangu ni ya Mtanzania mwenye mama na shamba.

Pakeji sasa. Tumesimama, tumeshika makoti, ndipo inaletwa: dola 1,200 kwa kila mtu mzima, wanakujazia ombi, wanalituma, wanakufuatilia. Ada ya serikali haimo. Hiyo kwa mwaka 2025 ilikuwa dola 649.75 kwa mtu mzima. Yaani kwa sisi wawili ingekuwa zaidi ya 3,600. Kwa kazi gani? Ombi linatumwa mtandaoni, kikokotoo cha siku ni cha serikali na ni bure, pasipoti unapiga picha kurasa zote, unaambatanisha. Baba Nuru alilijaza mezani kwetu jikoni Nuru akiwa analala. Pakeji ina na "mafunzo ya mtihani", na kitabu cha mtihani, Discover Canada, kinatolewa bure na serikali, unaweza hata kukisikiliza. Maswali 20, unatakiwa upate 15. Wiki mbili nyumba yangu ilikuwa 1867, Vimy, Macdonald na Nunavut, historia na ramani ya Kanada, mpaka Nuru akaanza kuimba majina ya majimbo. Mtu aliyemaliza kidato cha nne hahitaji kulipia hayo. Kama faili lako lina kesi, ombi lililowahi kukataliwa, tarehe za safari zisizoeleweka au jina tofauti kwenye hati mbili, hapo sawa, lipa, tena labda uende kwa wakili kabisa. Sisi tulikuwa watu wa kawaida wenye karatasi zilizonyooka, na mshauri alilijua hilo. Alipoona tunasita hakusukuma, lakini yule mwenzake wa mauzo alitupigia simu mara kadhaa baadaye, mpaka nikamwambia ninafanya kazi usiku, mchana nalala, anitafutie dawa ya usingizi iingie kwenye pakeji.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayefikiria kwenda: chukua saa moja, usizidishe. Nenda na pasipoti zote, hata iliyokatwa pembe. Andika tarehe za safari zako nyumbani kabla, usizitafute pale huku saa inahesabu. Nenda na mwenza wako, maana lile la siku za mwenza raia lisingetajwa kama ningekuwa peke yangu. Uliza ya Kanada tu. Ya nchi uliyotoka mlipe wakili wa nchi uliyotoka. Wangu alinitoza chini ya nusu ya bei ya pale.

Maegesho yako nyuma ya jengo, ni machache na wakati wa theluji hayalimwi vizuri. Basi linashusha karibu na mlango. Wanapokea kadi na Interac, malipo ya moja kwa moja kutoka benki; risiti yenye namba ya leseni yake wanakupa ukiomba. Ombeni. Chai ya tangawizi ni ya yule binti, haipo kwenye bei.